Kinga ya Kuazima: Toka Damu ya Farasi Mpaka Damu ya Mtu wa Kikwit



Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya dawa moja ya ajabu. Dawa hii haikuchimbwa porini kama mizizi, wala haikutokana na mawe au mafuta. Mwili wa kiumbe mmoja huitengeneza, kisha mwili wa kiumbe mwingine huiazima ili upone. Mwanzoni mtoaji alikuwa sungura, halafu akawa farasi. Katika siku zetu, mmoja wa watoaji alikuwa mtu aliyepona Ebola katika mji wa Kikwit, huko Kongo.

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika neno hili ubaoni kwa herufi kubwa: KINGAMWILI. Wanafunzi, lisomeni pamoja, polepole. Ni maneno mawili yaliyoungwa, kinga na mwili. Mtalikuta mara nyingi katika karatasi hii.

Tuanze na ugonjwa wa dondakoo. Wengi wenu hamjauona, kwa sababu watoto wetu huchanjwa mapema. Lakini katika miji ya Ulaya, miaka ya 1880, dondakoo ilikuwa hofu ya kila mzazi. Mtoto huanza kwa homa na maumivu ya koo. Baada ya siku chache utando wa rangi ya kijivu huota kooni. Utando huo hunenepa, na pumzi hupita kwa shida, kama upepo katika mwanzi ulioziba. Daktari aliweza kutoboa koo chini ya utando na kutia mrija ili mtoto apate hewa. Wengine walipona hivyo. Wengine walipata hewa, na hata hivyo walikufa baada ya siku kadhaa, kwa kuwa moyo ulisimama.

Jambo hilo liliwatatiza wataalamu. Mwaka wa 1884 daktari mmoja wa Ujerumani, Friedrich Loeffler, alifaulu kukikuza kijidudu cha dondakoo. Akaona kwamba kijidudu hukaa kooni tu, hakiendi moyoni. Basi moyo uliuawa na nini? Jibu lilitoka Paris mwaka wa 1888. Émile Roux na Alexandre Yersin walikuza vijidudu hivyo katika mchuzi, wakauchuja mchuzi huo hata pasibaki kijidudu hata kimoja, kisha wakawadunga wanyama maji yale matupu. Wanyama wakafa. Kwa hiyo vijidudu vilikuwa vikitoa sumu, nayo sumu ndiyo iliyosafiri katika damu na kuua.

Sasa twende Berlin. Huko, katika maabara ya Robert Koch, walifanya kazi watu wawili. Mmoja alikuwa Mjerumani, Emil Behring, daktari aliyetoka jeshini. Wa pili alikuwa Mjapani, Shibasaburo Kitasato. Mwaka wa 1889 Kitasato alikuwa amefaulu kukikuza peke yake kijidudu cha pepopunda, kazi iliyowashinda wengi kabla yake. Pepopunda nayo huua kwa sumu.

Walimpa sungura sumu kidogo kidogo, mpaka akaizoea. Kisha wakatoa damu yake, wakaiacha igande. Damu ikiganda, juu yake hubaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo huitwa seramu. Wakawadunga panya seramu ile, halafu wakawapa sumu ya pepopunda. Panya wale wakaishi. Panya wengine, ambao hawakupewa seramu, wakapata sumu ile ile, nao wakafa. Habari hizo zilipigwa chapa tarehe 4 Desemba 1890.

Ninawaomba mtulie hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha somo. Panya wale hawakuwa wameugua wala kuchanjwa. Walilindwa na kazi iliyofanywa katika mwili wa sungura. Kabla ya siku hiyo watu walijua kwamba mtu aliyepona ugonjwa fulani mara nyingi haupati tena. Hata bibi zetu walijua hivyo kuhusu surua. Lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba kinga hiyo imo katika maji ya damu, na kwamba yaweza kutiwa chupani na kupewa mwingine.

Kitu kilichokuwa ndani ya seramu ndicho tunachokiita leo kingamwili. Behring na Kitasato hawakuweza kukiona. Umbo lake lilijulikana baada ya miaka mingi, kwa kazi ya Rodney Porter wa Uingereza na Gerald Edelman wa Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1972. Kila mmoja wenu anaijua manati ya watoto. Ile panda ya mti inayofungwa mipira, yenye mpini mmoja na pembe mbili juu, ndiyo sura ya kingamwili. Ncha za pembe mbili humshika adui. Mpini nao huziita seli zinazomeza taka za mwilini, zije zimle huyo aliyeshikwa.

Lakini ncha hizo hazishiki kila kitu. Ni kama ufunguo na kufuli. Kingamwili ya dondakoo haishiki sumu ya pepopunda, na ya pepopunda haishiki sumu ya nyoka. Mwilini mna seli nyingi mno, na kila moja ina mfano wake wa panda. Adui akiingia, seli ambazo panda zao zinamfaa ndizo huzaana kwa wingi na kumwaga kingamwili katika damu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na ugonjwa mkali haungoji. Vita vikiisha, seli chache hubaki, pengine miaka mingi, kama wazee wa mji wanaoikumbuka sura ya mwizi. Likumbukeni jambo hilo la seli zinazobaki, maana tutalihitaji tukifika Kikwit.

Watu wengi huchanganya dawa hii na chanjo. Chanjo ni sawa na kumpa mtu mbegu na jembe. Atangoja mvua, atalima, atapalilia, lakini akianza kuvuna atavuna miaka mingi. Kingamwili ya kuazima ni sahani ya ugali uliokwisha pikwa. Mwenye njaa hula sasa hivi. Sahani ikiisha, imekwisha, na baada ya majuma au miezi michache mwili hauna tena kinga ile. Kwa hivi chanjo hupewa mtu mzima kabla ya hatari, na kingamwili mara nyingi hupewa yule aliyekwisha kupatwa.

Haya, tuendelee. Sungura ni mdogo, na watoto wa Ulaya walikuwa wengi. Ikabidi kutafuta mnyama mkubwa, mpole, mwenye damu nyingi. Farasi akachaguliwa. Alidungwa sumu ya dondakoo, kidogo sana kwanza, kisha zaidi na zaidi kwa muda wa miezi. Damu ilitolewa katika mshipa wa shingo, naye farasi akarudi zizini kula majani. Mtaalamu mwingine wa Berlin, Paul Ehrlich, alitafuta njia ya kupima nguvu ya seramu, ili chupa ya leo iwe na nguvu sawa na chupa ya jana. Watu huisahau kazi ya Ehrlich, lakini bila kipimo daktari hajui kama anampa mtoto dawa au maji.

Mwaka wa 1894 Roux alitumia seramu ya farasi katika hospitali moja ya watoto huko Paris. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliolazwa humo kwa dondakoo, kama 52 walikufa. Mwaka ule, walipopewa seramu, walikufa kama 25. Pengine mwenye mashaka angesema kwamba ugonjwa wa mwaka ule ulikuwa hafifu tu. Lakini mji ulikuwa na hospitali nyingine ambayo haikutumia seramu, na huko walikufa kama 60 katika kila 100. Wanafunzi wa hesabu, toeni 25 katika 52. Hao ndio watoto waliorudi nyumbani, katika kila 100.

Roux aliyasoma matokeo hayo mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari mjini Budapest, na baada ya hapo kila nchi ilitaka seramu. Mwaka wa 1901, Tuzo ya Nobel ya utabibu ilipotolewa kwa mara ya kwanza duniani, alipewa Behring. Kitasato hakupewa kitu. Waamuzi walikuwa na sababu zao, lakini mimi naona Mjapani yule alistahili kusimama kando ya mwenzake, kwa kuwa majaribio mengi ya mwaka wa 1890 yalitegemea pepopunda, na pepopunda ilikuwa kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1901 likatokea jambo baya. Katika mji wa St. Louis, Marekani, palikuwa na farasi aliyeitwa Jim. Zamani Jim alikuwa akivuta gari la maziwa. Baadaye alitoa seramu ya dondakoo kwa ajili ya mji ule. Mwanzoni mwa Oktoba ilionekana kwamba Jim ameshikwa na pepopunda, akauawa. Lakini damu iliyokuwa imetolewa mwishoni mwa Septemba ilikuwa tayari na sumu ya pepopunda, nayo ilitiwa chupani na kugawiwa bila kupimwa vya kutosha. Watoto 13 walioletwa kutibiwa dondakoo wakafa kwa pepopunda.

Fikirini wazazi wale. Hawakukataa dawa. Hawakuchelewa. Walifanya kila walichoambiwa na daktari, na dawa yenyewe ndiyo iliyomwua mtoto wao. Tarehe 1 Julai 1902 Marekani ilitia sahihi sheria kwamba mtengenezaji wa seramu au chanjo lazima awe na leseni, na kwamba mahali pake pa kazi pakaguliwe. Siku hizi tukiona chupa ya dawa ina tarehe na namba, au tukisikia kwamba dawa mpya bado inachunguzwa mwaka wa pili au wa tatu, tunakasirika na kuona ni ukaidi wa watu wa ofisini. Sheria nyingi za namna hiyo zina makaburi nyuma yake.

Seramu ya farasi ilikuwa na ila nyingine pia. Mwili wa mtu huitambua damu ya farasi kuwa ni ngeni. Baada ya siku nane au kumi, wagonjwa wengine walitokwa na vipele, wakapata homa na maumivu ya viungo. Madaktari wawili wa Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick, waliueleza ugonjwa huo mwaka wa 1905. Wagonjwa wachache walizimia na kufa pale pale walipodungwa. Hata hivyo daktari mwenye mtoto anayekabwa na dondakoo hakuwa na njia nyingine, akachagua hatari ndogo.

Tena seramu ilitaka haraka. Ikisha ingia ndani ya seli za moyo, sumu haishikiki tena. Mwaka wa 1925, wakati wa baridi kali, dondakoo ilizuka Nome, mji mdogo wa Alaska uliofungwa na barafu. Seramu ilipelekwa kwa magari ya theluji yanayovutwa na mbwa, wakipokezana njiani, yapata kilomita 1,000 kwa siku tano na nusu. Mbwa wale wana sanamu yao mjini New York mpaka leo. Farasi walioitoa seramu hawana.

Msidhani mambo ya farasi yamekwisha. Daktari Albert Calmette, Mfaransa aliyefanya kazi Saigon katika nchi ya Vietnam, aliona watu wakifa kwa kuumwa na swila. Katika miaka ya 1890 akatengeneza seramu ya sumu ya nyoka kwa njia ile ile ya Behring. Mpaka sasa dawa ya nyoka hutoka hasa katika damu ya farasi. Mkulima wa kwetu aliyeumwa na nyoka shambani akipata dawa hiyo hospitali, ameazima kinga ya farasi.

Kwa magonjwa mengine seramu iliachwa. Dawa za salfa zilipotokea katika miaka ya 1930, na penisilini baada yake, madaktari waliona ni rahisi zaidi kuua vijidudu kwa dawa hizo. Basi kwa miaka kama 40 elimu ya kingamwili ilibaki zaidi katika maabara kuliko katika hospitali.

Tatizo kubwa lilikuwa mchanganyiko. Damu ya farasi ina kingamwili za kila namna, za magonjwa yote aliyowahi kukutana nayo. Zile zinazotakiwa ni chache tu, na kila farasi hutoa zake tofauti. Wataalamu walitaka kingamwili ya namna moja tu, safi, isiyokwisha. Lakini seli inayotengeneza kingamwili, ikitolewa mwilini na kuwekwa katika chombo, hufa baada ya siku chache.

Aliyelitatua jambo hilo ni César Milstein, pamoja na kijana wa Kijerumani, Georges Köhler. Milstein alizaliwa Bahía Blanca, Argentina, mwaka wa 1927. Wanajeshi walipopindua serikali ya nchi yake mwaka wa 1962, mambo ya chuo alichofanyia kazi yaliharibika, akaenda Cambridge, Uingereza. Huko, mwaka wa 1975, yeye na Köhler walichukua seli za bandama ya panya. Seli hizo hutengeneza kingamwili, lakini hufa upesi. Wakazichukua na seli za saratani, ambazo huzaana bila kikomo. Wakaziunganisha mbili mbili, kama kufunga ndoa. Mtoto wa ndoa hiyo akarithi kwa wazazi wote wawili: hutengeneza kingamwili, wala hafi. Wakachagua seli moja tu, wakaiacha izae. Uzao wake wote hutengeneza kingamwili ya namna moja. Kwa hiyo twaweza kuziita kingamwili za ukoo mmoja.

Haki ya kumiliki uvumbuzi huo haikuandikishwa, na kila maabara duniani iliutumia. Milstein na Köhler walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984, pamoja na Niels Jerne.

Dawa ya kwanza ya ukoo mmoja iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1986, kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Ilitokana na panya, na mwili wa mtu ukaitambua kuwa ngeni, kama ulivyoitambua ya farasi. Greg Winter wa Cambridge akapata njia. Mkulima wa machungwa hulijua jambo hili: huchukua kikonyo cha mchungwa akakipandikiza juu ya shina la mlimau. Winter alichukua zile ncha zinazoshika, za panya, akazipandikiza juu ya panda ya mtu. Baadaye zikapatikana kingamwili za mtu mtupu. Leo dawa za namna hii ni nyingi sana, za saratani ya maziwa, za saratani ya damu, za magonjwa ya viungo. Hukuzwa katika mapipa makubwa ya chuma, mara nyingi ndani ya seli zilizotokana na mnyama mmoja mdogo wa China wa jamii ya panya. Kazi hiyo ina gharama kubwa, na bei yake madukani huwatisha hata matajiri.

Sasa tuje Afrika. Kikwit ni mji wa kusini-magharibi mwa Kongo, nchi ambayo mwaka wa 1995 iliitwa Zaire. Mwaka huo Ebola ilizuka huko. Watu 315 waliugua, na katika kila 10 walikufa kama wanane. Wauguzi na madaktari wengi walikufa pia, maana walishika damu ya wagonjwa. Hapakuwa na dawa wala chanjo.

Miongoni mwa waliofika kusaidia alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo, aliyeijua Ebola tangu ilipotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1976 katika kijiji cha Yambuku. Wakati ule alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, naye akasalimika. Kikwit, yeye na wenzake waliliwaza wazo la Behring. Waliopona wana kinga katika damu. Kwa nini wasiwape wagonjwa? Wagonjwa wanane wakatiwa damu ya watu waliopona. Saba wakaishi.

Mngesema dawa imepatikana. Lakini wataalamu wengi wa nje walikuwa na shaka, na shaka yao ilikuwa na haki. Wagonjwa wale walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ilikwisha kuwa nzuri zaidi. Wengine walikuwa wameugua siku nyingi tayari, na pengine wangepona hata bila damu ile. Tena wanane ni wachache, na hapakuwa na wengine wa kulinganisha nao, kama zile hospitali mbili za Paris. Muyembe mwenyewe hakuliacha wazo lake.

Yapita miaka 11. Mwaka wa 2006 watu waliopona Kikwit walitoa damu tena, safari hii kwa ajili ya uchunguzi. Je, mnakumbuka zile seli zinazobaki, wale wazee wanaoijua sura ya mwizi? Zilikuwa bado zimo. Wataalamu wa Marekani na wa Uswisi, wakishirikiana na Muyembe, walizitoa seli hizo katika damu ya mtu mmoja, wakazipima kingamwili zake moja moja. Moja ilipewa namba 114. Kingamwili hiyo hukishika kirusi cha Ebola mahali pale pale anapopatumia kuingia ndani ya seli, kama mtu anayeziba tundu la kufuli. Walipowajaribu kima waliotiwa Ebola, iliwaokoa hata ilipotolewa siku tano baadaye. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2016. Leo dawa hiyo huitwa ansuvimab.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko mwingine ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, katika nchi ya watu wasemao Kiswahili kama sisi: Mangina, Beni, Butembo, Katwa. Palikuwa na vita huko miaka mingi. Watu walikuwa hawawaamini wageni wala serikali, na mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kabla mlipuko haujaisha, Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 wamekufa.

Katikati ya taabu hiyo lilifanywa jaribio la dawa nne. Tatu zilikuwa za kingamwili, ya nne ni dawa ya namna nyingine. Jaribio lilianza Novemba 2018, na jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Mgonjwa alipokubali, dawa yake ilichaguliwa kwa kura, wala si kwa kupendelewa. Huyu akapata hii, yule akapata ile. Wote walipewa huduma nyingine kwa usawa, maji ya mshipani na dawa za homa.

Mwalimu wa kikundi, hapa zima redio kwa dakika tano, au wanaosoma waweke karatasi chini. Zungumzeni: je, ni haki kupiga kura juu ya dawa ya mtu anayekufa? Mama mmoja ana watoto wawili wagonjwa, mmoja akapata dawa hii na mwingine ile. Ninyi mngekubali? Kumbukeni kwamba siku ile hakuna aliyejua ipi ni bora. Kumbukeni pia wale wanane wa Kikwit, ambao kupona kwao hakukuweza kumshawishi mtu.

Tuendelee. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Tarehe 9 Agosti 2019 wasimamizi wa jaribio walitazama hesabu, wakashauri dawa mbili ziachwe, kwa kuwa nyingine mbili zilionekana wazi kuwa bora. Kwa zile mbili zilizoachwa, walikufa kama 50 na 53 katika kila wagonjwa 100. Kwa ansuvimab, ile ya mtu wa Kikwit, walikufa 35. Kwa dawa nyingine, mchanganyiko wa kingamwili tatu, walikufa kama 34. Na wale waliofika wakiwa na virusi vichache bado katika damu, wakapewa mojawapo ya dawa hizo mbili nzuri, walikufa kama 10 au 11 tu katika kila 100. Waliofika na virusi vingi, hata kwa dawa hizo, walikufa zaidi ya 60. Ni yale yale ya dondakoo na moyo. Baada ya hapo Profesa Muyembe alisema kwamba haitasemwa tena kuwa Ebola haina dawa.

Katika miji hiyo hiyo waliopona walifanya kazi nyingine, ambayo haikuhitaji maabara. Kando ya kituo cha Beni palikuwa na nyumba ya kulelea watoto wachanga ambao mama zao walilazwa. Hakuna aliyeweza kuwabeba bila hofu, maana huenda nao walikuwa na ugonjwa. Waliopona waliweza, kwa kuwa walikuwa na kinga. Waliwabeba, wakawalisha, wakawaimbia.

Dawa zote mbili ziliruhusiwa Marekani mwaka wa 2020, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri zitumike. Lakini ufunguo ni wa kufuli moja. Mwaka huo huo wa 2022 Ebola ilizuka Mubende, Uganda, nayo ilikuwa ya aina ya Sudan. Dawa hizo mbili ni za aina ya Zaire, kwa hiyo hazikufaa kitu.

Liko na jambo la akiba. Damu ilitoka Kikwit, jaribio lilifanywa Kivu, na wagonjwa walioingia katika kura walikuwa Wakongo. Lakini mwaka wa 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika kwamba sehemu kubwa ya akiba ya dawa hizo imewekwa Marekani, mbali na mahali ugonjwa unapozuka, na kwamba wagonjwa wengi wa milipuko iliyofuata hawakuzipata. Mimi naona malalamiko hayo ni ya haki. Aliyetoa mbegu hapaswi kusimama wa mwisho katika mstari wa unga.

Mwezi wa Septemba 2025 Ebola ya aina ya Zaire ilitangazwa tena Kongo, katika wilaya ya Bulape, jimbo la Kasai. Safari hii dawa ilifika, na wagonjwa walitiwa ansuvimab mshipani. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 1 Desemba 2025. Watu 64 waliugua, na 45 walikufa. Hao 19 waliobaki sasa nao wana seli zinazokumbuka.

Hapo ndipo tulipofika leo. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za chanjo ya ndui. Kwaherini.